Paka Mwenye Kisukari Anapofunga Choo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haja Kubwa na Dozi ya Insulini

Ukurasa huu ni kwa mfugaji ambaye paka wake tayari amethibitishwa na daktari wa mifugo kuwa na kisukari, anachomwa insulini asubuhi na jioni, na sasa ameanza kupata choo kigumu au kukosa choo kabisa. Vipimo vya sukari vimeandikwa kwa mmol/L na, pale inapofaa, kwa mg/dL, kwa kuwa mashine zinazouzwa madukani hutofautiana; ukizidisha namba ya kwanza kwa 18 unapata ya pili. Dozi zilizotajwa ni zile zinazotumiwa kwa kawaida na madaktari wa wanyama. Zitakusaidia kuelewa unachoambiwa na kuuliza vizuri, lakini dozi ya paka wako huipanga daktari anayemjua.

Kisukari na kufunga choo vinahusiana vipi?

Uhusiano wa kwanza ni maji. Sukari ya damu ya paka inapovuka takriban 14 hadi 16 mmol/L (250 hadi 290 mg/dL), figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, nayo hutoka kwenye mkojo ikivuta maji pamoja nayo. Paka hukojoa sana na kunywa sana, lakini mara nyingi hanywi kiasi cha kufidia kinachopotea, hasa kama chakula chake ni kikavu. Mwili uliopungukiwa na maji huyatafuta kokote yaliko, na utumbo mpana hunyonya maji ya kinyesi mpaka vibaki vipande vidogo, vikavu na vigumu.

Uhusiano wa pili husahaulika mara nyingi, nao ni potasiamu. Misuli ya utumbo huhitaji madini hayo ili ijikunje na kusukuma. Paka anayekojoa sana huyapoteza kwa mkojo, na insulini nayo huyatoa kwenye damu na kuyaingiza ndani ya seli. Kwa sababu hiyo paka mwenye kisukari, na zaidi yule ambaye figo zake nazo zimechoka, anaweza kuwa na utumbo mlegevu ambao hautaitika kwa dawa yoyote ya kulainisha choo mpaka potasiamu ipimwe na kurekebishwa.

Tena kuna umri na neva. Wengi wa paka hawa ni wazee, wengine ni wanene, na viungo vyao vinauma. Kisukari kisichodhibitiwa kwa muda mrefu huharibu neva za miguu ya nyuma, hata paka akawa anatembea kwa kukanyagia visigino. Paka wa namna hiyo huona taabu kuvuka ukingo mrefu wa sanduku la mchanga na taabu zaidi kuchuchumaa ndani yake. Huahirisha haja, na kinyesi kinachokaa muda mrefu huzidi kukauka. Wakati mwingine kupunguza ukingo wa sanduku, au kuweka sanduku la pili karibu na anapolala, husaidia kuliko chupa ya dawa.

Nitajuaje kwamba kilichokwama ni choo na si mkojo?

Swali hili litangulie mengine yote. Paka dume anayeingia na kutoka sandukuni mara kwa mara, anayejikamua, anayelia na kujilamba sehemu za siri, huenda njia yake ya mkojo imeziba, na kuziba kwa mkojo huweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Wafugaji wengi huona anajikamua na kudhani ni choo. Angalia kama mchanga umelowa. Kwa kuwa paka mwenye kisukari kwa kawaida hulowesha mchanga mno, sanduku kavu kwake ni ishara mbaya kuliko kwa paka mwingine. Kama huna hakika kwamba amekojoa leo, mpeleke kwa daktari mara moja, iwe mchana au usiku, na usimpe dawa yoyote ya choo njiani.

Ni muda gani bila choo unaopaswa kunitia wasiwasi?

Paka wengi hupata choo kila siku au kila baada ya siku moja na nusu hivi. Saa 48 bila choo, kwa paka anayechomwa insulini, zinatosha kumpigia daktari simu hata kama anaonekana mchangamfu. Akiwa anatapika, amekataa chakula, amejikunyata au tumbo ni gumu na linauma akiguswa, usihesabu saa. Kumbuka pia kwamba paka aliyefunga choo anaweza kutoa majimaji kidogo yenye ute yanayopenya pembeni mwa kinyesi kilichokwama. Mfugaji huyaona, hudhani paka anaharisha na kumpa dawa ya kuzuia kuharisha. Hilo humfunga zaidi.

Sukari imepanda tangu afunge choo. Je, niongeze insulini?

Usiongeze. Kama kuna jibu moja katika ukurasa huu ambalo ningetaka lisomwe mara mbili, ni hili.

Maumivu na wasiwasi humwaga homoni, zikiwemo adrenalini na kortisoli, ambazo huamuru ini liachie sukari na huufanya mwili usiitike vizuri kwa insulini. Upungufu wa maji nao huifanya damu iwe nzito, na namba kwenye mashine hupanda. Paka ni maarufu kwa jambo hili: hata paka asiye na kisukari anaweza kuonyesha sukari ya juu mno kwa sababu tu amebebwa kwenye kikapu hadi zahanati. Kwa hiyo namba unayoiona wakati utumbo umeziba haikuambii kwamba dozi yake ya kawaida ni ndogo. Inakuambia kwamba anaumwa.

Chukua mfano wa paka anayechomwa uniti 2 mara mbili kwa siku, ambaye kwa kawaida huwa na 12 mmol/L kabla ya sindano, na leo ana 22. Mfugaji akipandisha hadi uniti 3, kisha jioni hiyo hiyo paka akawekewa maji, akasafishwa utumbo na maumivu yakaisha, vitu vyote vilivyokuwa vinapandisha sukari vitaondoka kwa pamoja huku dozi kubwa ikiwa bado inafanya kazi. Maji peke yake hushusha sukari, kwa sababu damu hurudi katika wepesi wake na figo huweza tena kutoa ziada. Ongeza hapo kwamba paka hajala tangu jana. Hivyo ndivyo paka hufikia degedege saa nane za usiku, wakati wenye nyumba wamelala.

Hata katika siku za afya, dozi hupandishwa polepole, kwa nusu uniti au uniti moja, baada ya kuangalia vipimo vya siku kadhaa, kwa kawaida tano hadi saba. Siku za kufunga choo zisiingizwe katika hesabu hiyo.

Amekataa kula. Nimchome au nisimchome?

Anza kwa kugeuza mpangilio, kama hukuwa ukifanya hivyo tayari: chakula kwanza, sindano baadaye. Insulini ikishaingia chini ya ngozi haiwezi kutolewa, ilhali chakula kinaweza kusubiriwa. Mpe chakula, subiri nusu saa, angalia amekula kiasi gani, pima sukari, ndipo uamue.

Akila sehemu kubwa ya mlo wake na sukari ikiwa katika kiwango chake cha kawaida au juu zaidi, dozi yake ya kawaida huendelea. Akila karibu nusu tu, madaktari wengi huagiza nusu ya dozi. Ugumu uko kwa yule ambaye hakugusa chakula kabisa, na hapo namba ndiyo inayoamua njia. Sukari ikiwa juu, mwili bado unahitaji insulini kiasi ili usianze kuunguza mafuta yake ovyo, kwa hiyo mara nyingi daktari ataruhusu nusu ya dozi, lakini mpigie kabla ya kuchoma. Sukari ikiwa chini ya takriban 10 mmol/L (180 mg/dL) na tumbo likiwa tupu, usichome. Rudia kupima baada ya saa mbili au tatu na uongee na daktari siku hiyo hiyo.

Kama huna mashine ya kupimia, usimpe dozi kamili paka ambaye hajala, na usiendelee kukisia kwa zaidi ya mlo mmoja. Kama anatapika, suala si la simu tena, anahitaji kuonekana.

Mipaka hii ya namba hutofautiana kwa aina ya insulini na kwa paka. Insulini kama Caninsulin hushusha sukari kwa kasi zaidi katika saa za kwanza, kwa hiyo tumbo tupu ni hatari kubwa zaidi kwake. Glajini, inayouzwa kwa jina la Lantus, hufanya kazi taratibu na kwa muda mrefu, na athari ya dozi ya jana inaweza kuwapo bado leo. Mwombe daktari akuandikie mpango kwa ajili ya paka wako siku akiwa mzima: ufanye nini akila nusu, ufanye nini asipokula, namba gani ni ya kutochoma. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye friji. Mahali ambapo daktari wa karibu amezoea ng'ombe na kuku kuliko paka, itamsaidia yeye pia.

Basi si salama zaidi kuacha insulini kabisa mpaka apate choo?

Hapana. Kuruka sindano moja kwa maelekezo si tatizo kubwa, na ni heri sukari ya juu kwa saa 12 kuliko sukari iliyoporomoka. Lakini kuacha dozi moja baada ya nyingine kwa paka asiyekula na aliyekaukiwa ndiyo njia ya kufikia hali ambayo damu hujaa asidi. Seli zisipopata sukari, ini hugeukia mafuta na kutengeneza ketoni. Ketoni huleta kichefuchefu, kichefuchefu huzuia kula, na mwili hukauka zaidi. Pumzi inaweza kunuka asetoni, yaani harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Paka hulegea, hutapika, na asipolazwa na kuwekewa dripu hufa.

Vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo huuzwa katika maduka mengi ya dawa ya binadamu na si ghali. Chovya kijiti kwenye mkojo uliopatikana sandukuni kabla haujakauka (siku hiyo weka mchanga kidogo tu, au kokoto zisizonyonya). Ketoni zikionekana kwa paka asiyekula, nenda hospitali.

Paka mnene ana hatari nyingine juu ya hiyo. Akikaa siku mbili tatu bila chakula, mafuta huanza kujazana kwenye ini lake, na ugonjwa huo ni mgumu kutibu kuliko choo kilichouanzisha.

Dalili za sukari kushuka ni zipi, na nifanye nini?

Paka huyumba kama aliyelewa, hukodoa macho, hutetemeka, hulia kwa njaa ya ghafla au hujificha, na mwishoni hupata degedege au kuzimia. Kipimo kikiwa chini ya 3.3 mmol/L (60 mg/dL), chukua hatua hata kama haonyeshi dalili. Kama anaweza kumeza, mpe chakula mara moja, hata kile ambacho kwa kawaida humpi, kisha pima tena baada ya dakika 15. Kama amelegea au anatetemeka, mpake asali au glukosi iliyokorogwa kwa maji kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie kitu mdomoni paka mwenye degedege, kwani kitaingia kwenye mapafu. Kisha nenda kwa daktari hata akizinduka, kwa sababu insulini iliyomshusha bado imo mwilini.

Ni dawa zipi za kulainisha choo zinazofaa?

Kabla ya dawa, maji. Paka aliyekaukiwa hawezi kulainika choo kwa dawa inayofanya kazi kwa kuvuta maji, kwa kuwa maji ya kuvutwa hayapo. Daktari anaweza kumpa maji chini ya ngozi au kwa dripu, na wafugaji wengi hufundishwa kuyatoa nyumbani. Uliza yasiwe yale yenye glukosi, na uliza kwanza kuhusu moyo wake.

Kwa matumizi ya kila siku, mimi huona makrogoli 3350 ndiyo chaguo linalosumbua kisukari kidogo kuliko yote. Ni unga usio na ladha, haufyonzwi na mwili kwa kiasi cha maana, hauna sukari, na hufichika katika chakula laini. Dozi ya kuanzia huwa moja ya nane hadi robo ya kijiko cha chai, mara mbili kwa siku, kisha hupandishwa au kushushwa kulingana na choo kinavyotoka. Hufanya kazi baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo usiongeze dozi jioni kwa sababu ya asubuhi. Pakiti nyingi za binadamu zina chumvi zilizochanganywa. Soma lebo na utafute ile isiyo nazo.

Laktulozi ni maji matamu mazito ambayo paka wengi huyachukia. Dozi ya kawaida ni takriban mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 8 hadi 12.

Isabgol, yaani maganda ya mbegu yanayouzwa kwa wingi katika maduka ya viungo ya pwani, huweza kumfaa paka ambaye choo chake ni kigumu kidogo lakini bado kinatoka. Nunua ile tupu, kwani pakiti zenye ladha ya chungwa mara nyingi zimetiwa sukari. Iloweshwe vizuri. Kwa paka aliyekaukiwa, au ambaye utumbo wake mpana umetanuka na kupoteza nguvu, nyuzinyuzi huongeza mzigo mahali ambapo hakuna wa kuubeba.

Lengo ni choo laini chenye umbo. Ukimfikisha kwenye kuharisha, umemrudishia upungufu wa maji mlioanza nao.

Laktulozi ni sukari. Haitampandisha?

Laktulozi yenyewe haimeng'enywi na utumbo mdogo wa paka; hufika kwenye utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria. Lakini sharubati yake huwa na galaktozi na laktozi kidogo zilizobaki katika utengenezaji. Paka wengi hawaonyeshi badiliko lolote, wachache hupanda kidogo. Ukiianza, pima kwa siku chache kama kawaida yako na usibadilishe dozi ya insulini siku hizo hizo, usije ukashindwa kujua kipi kimefanya nini.

Vipi kuhusu boga, maziwa, mafuta ya nyonyo au parafini?

Boga la kuchemsha, kijiko kimoja cha chai, halina madhara kwa paka wengi, ila lina wanga na nyuzinyuzi zake si nyingi kama inavyosifiwa. Maziwa hapana: ni sukari ya laktozi, na kuharisha kwake hakuwezi kupimwa. Mafuta ya nyonyo hapana kabisa. Parafini ya maji isimiminwe mdomoni, kwa sababu haina ladha, paka hahisi kuimeza, nayo huteleza hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia isiyotibika kirahisi.

Naweza kutumia enema (dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) ya binadamu ya dukani?

Zile zenye sodiamu fosfeti humuua paka. Fosfeti hufyonzwa haraka, kalsiamu ya damu huporomoka, sodiamu hupanda, na paka aliyekwisha kukauka huathirika upesi zaidi. Enema ya paka ifanywe na daktari, kwa maji ya uvuguvugu au vimiminika vingine salama, polepole.

Ikibidi apewe dawa ya usingizi ili kinyesi kitolewe kwa mkono, uliza mambo mawili kabla ya kuondoka nyumbani: asile kuanzia saa ngapi, na insulini ya asubuhi hiyo iwe kiasi gani. Mara nyingi jibu ni nusu ya dozi, huku sukari ikipimwa kabla, wakati na baada ya shughuli. Usiache jambo hilo ligunduliwe mezani.

Chakula gani kinafaa? Nyumbani hula ugali na dagaa.

Ugali ni wanga karibu mtupu, na paka mwenye kisukari hauhitaji hata kidogo. Ndivyo ilivyo pia kwa wali. Dagaa ni protini nzuri, ila wale wakavu huingia tumboni wakiwa hawana maji, mara nyingi wana chumvi, na mifupa yao mingi hufanya choo kiwe kigumu na cheupe. Waloweke, mwaga maji ya kwanza, wachemshe bila chumvi na mpe pamoja na supu yao. Kuku au samaki wa kuchemsha asiye na mifupa ni bora. Supu isiwe na kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Samaki pekee au nyama pekee haimtoshi kwa miezi. Chakula cha kopo kilichokamilika, chenye wanga mdogo, ndicho kinachofaa zaidi kisukari na choo kwa wakati mmoja, kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji.

Sasa tahadhari, na hapa wafugaji wenye bidii ndio huanguka. Ukimwondolea paka wanga ghafla na kubaki na dozi ile ile ya insulini, mahitaji yake yanaweza kushuka ndani ya siku chache, na sukari ikaporomoka. Baadhi ya paka hufika mahali hawahitaji insulini tena. Kwa hiyo mabadiliko ya chakula, hata yale yanayofanywa kwa ajili ya choo tu, ni mabadiliko ya dozi. Mwambie daktari kabla, badilisha kwa wiki moja au zaidi, na pima kila siku katika kipindi hicho.

Kwa nini kila mtu anasisitiza U-40 na U-100?

Kwa sababu kosa hili hufanana na ugonjwa. Caninsulin na ProZinc, ambazo ni insulini, zina uniti 40 katika kila mililita (U-40). Lantus ya kawaida ina 100 (U-100). Kila moja ina bomba lake la sindano. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka alama ya 1, umechukua uniti 2.5. Ukivuta ya U-40 kwa bomba la U-100 mpaka alama ya 1, umechukua uniti 0.4 tu. Mabomba yaliyo katika maduka mengi ya dawa ya binadamu ni ya U-100. Paka ambaye sukari yake haishuki, anakojoa mno na choo chake ni kikavu daima, huenda hapati hata nusu ya dozi iliyoandikwa. Angalia chupa na bomba kabla ya kulaumu utumbo. Kwa dozi ndogo tafuta bomba la mililita 0.3 lenye alama za nusu uniti.

Mashine ya binadamu ya kupima sukari inatosha?

Inatosha kwa kufuatilia mwenendo, ukitumia mashine ile ile kila siku. Mashine nyingi za binadamu husoma chini kidogo ya ukweli kwenye damu ya paka, zile zilizotengenezwa kwa wanyama, kama AlphaTrak, husoma karibu zaidi. Tone hutolewa pembezoni mwa sikio, likipashwa joto kwanza kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Namba ya chini ichukuliwe kwa uzito bila kujali mashine.

Kuna dawa nyingine anazotumia zinazoweza kuwa chanzo?

Ndiyo. Dawa za maumivu za jamii ya opioidi hupunguza mwendo wa utumbo. Dawa za kuongeza mkojo humkausha. Baadhi ya dawa za kuzuia fosfeti kwa wagonjwa wa figo, zenye aluminiamu, hufunga choo. Kwa upande wa sukari, steroidi ndizo za kuogopwa zaidi: sindano moja ya steroidi ya muda mrefu iliyotolewa kwa sababu ya mwasho inaweza kuvuruga kisukari kwa wiki kadhaa. Peleka orodha yote kwa daktari, pamoja na ile dawa ya matone aliyokupa jirani.

Nimesikia kuna vidonge vya kisukari vya paka. Havitaondoa tatizo la dozi?

Marekani iliidhinisha beksagliflozini mwezi Desemba 2022, na velagliflozini, ambayo ni ya maji, mwaka 2023. Hufanya kazi kwa kuitoa sukari mwilini kupitia mkojo, maana yake maji huendelea kupotea. Huweza pia kuleta ketoni hata sukari ikionekana ya kawaida, na hazikukusudiwa paka ambaye tayari ametibiwa kwa insulini. Kwa paka anayefunga choo na anayekataa kula mara kwa mara, nisingeziona kuwa njia ya mkato.

Anafunga choo tena na tena. Kuna kitu kikubwa zaidi?

Huenda kipo. Omba vipimo vya damu vinavyojumuisha figo, potasiamu na kalsiamu, na picha ya eksirei ya tumbo na nyonga. Paka aliyewahi kugongwa na gari au pikipiki anaweza kuwa na nyonga iliyoungana vibaya na kubana njia. Utumbo mpana uliotanuka kwa muda mrefu hupoteza nguvu za kusukuma. Hapo daktari hufikiria sisapridi, dawa inayoamsha misuli ya utumbo, ambayo iliondolewa katika soko la binadamu Marekani mwaka 2000 kwa sababu ya moyo lakini bado huchanganywa kwa ajili ya wanyama. Haitolewi kabla utumbo haujafunguliwa. Upasuaji wa kuondoa sehemu ya utumbo mpana upo kwa wale walioshindikana. Kwa kesi za namna hii, rufaa kwenda mahali panapofundisha udaktari wa mifugo, kama SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete au Makerere, inastahili safari.

Amepata choo na anakula. Nirudi lini kwenye dozi ya kawaida?

Si siku hiyo hiyo kwa paka wote. Saa 24 hadi 48 za kwanza baada ya utumbo kufunguka ndizo ambazo sukari hushuka kuliko ulivyotarajia, kwa sababu maumivu yameisha na maji yamerudi. Kama alikuwa kwenye nusu dozi, pima kabla ya kila sindano, na pima tena saa nne hadi sita baadaye, ambapo insulini nyingi huwa katika kilele chake. Akila milo miwili mfululizo kama kawaida na namba zikiwa juu bila kuporomoka katikati, daktari kwa kawaida humrudisha kwenye dozi ya zamani. Namba zikibaki za wastani kwa dozi ndogo, mwache hapo na umjulishe daktari. Huenda mahitaji yamepungua kweli.

Katika daftari la sindano ongeza safu mbili ambazo wafugaji wengi hawana: siku aliyopata choo na kilivyokuwa, na kiasi cha chakula alichokula kabla ya kila sindano. Dawa ya kulainisha choo isikatwe ghafla kwa kuwa mambo yametengemaa. Hupunguzwa kidogo kila baada ya siku kadhaa, na paka wengine hubaki nayo maisha yao yote.